Godoro Lililomeza Majina

Mkwe wangu ana chumba Ukunda, amekibandika trei za mayai kuta zote, na humo ndimo anamotengenezea muziki. Nilipoingia mara ya kwanza nilidhani nimepelekwa bandani kwa kuku. Nikanyamaza, kwa sababu mama mkwe hamwambii mkwewe neno la kumvunjia heshima. Kwetu hata kumkazia macho ni utovu wa adabu. Nikiwa na la kumwambia, nalipitisha kwa binti yangu mdogo, mkewe, hata kama huyo mkwe mwenyewe amekaa mbele yangu amekunja miguu.

Nilipelekwa huko kwa ajili ya mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, aliyekuwa anaolewa. Kwetu Munje, alasiri ya hina, nyanya humwimbia mwari wimbo wa kumtajia wanawake wa ukoo, walio hai kwanza, waliokufa baadaye, na mwisho kabisa mama yake huyo mwimbaji. Wenzangu wamesahau wengi. Mimi sijasahau hata mmoja. Majina siyaandiki hapa, maana yana mahali pake pa kutajwa. Ila kifua changu kimeharibika siku hizi, sifiki mbali kabla kikohozi hakijanishika, na jina la mama yangu liko mwisho. Hakuwahi kupigwa picha. Aliye hai wa kulitaja ni mimi peke yangu. Basi mkwe akashauri nirekodi kidogokidogo, nikikohoa nipumzike, naye ataunganisha.

Hiyo ilikuwa akili njema, na ndiyo ya mwisho niliyoiona kwake.

Niliporudi kusikiliza, alikuwa amenitilia ngoma moja nzito ya kompyuta, du, du, du, kama mtu anayepigapiga godoro kulitoa vumbi. Na kila godoro likipigwa, sauti yangu inazama. Inaibuka, inazama. Sasa majina sisi tangu zamani tunayaweka juu ya pigo, kwa hiyo yote yalikuwa yanazama palepale. Nilisikia "binti wa", halafu du. Tena "binti wa", halafu du. Ukoo mzima umekuwa mabinti wa godoro.

"Mwambie mumeo," nikamwambia binti yangu, "majina yamekwenda wapi?"

"Mama anauliza majina yako wapi," akamwambia, kana kwamba mume ni kiziwi.

"Mwambie mama yapo," mkwe akasema, macho sakafuni. "Hiyo ni saidicheni. Ngoma ikigonga, inaibana sauti kidogo ili ipishe. Hivyo wimbo unapumua."

"Mwambie mumeo mimi nilikuwa napumua kabla yeye hajazaliwa."

"Mama!"

"Mwambie."

Hakuambiwa. Mkwe akafungua toleo jingine la wimbo, akitumaini hilo litanifurahisha. Hilo alikuwa ameliwekea geti, linafunguka na kufungwa kwa mapigo, sauti ikapita vipande vipande. A-a-a-a, kama mbuzi aliyefungwa nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya changarawe. Mkwe akasema hoteli za Diani wageni wanaucheza sana mtindo huo. Sikushangaa. Mtu aliyetoa nauli kuja kuungua juani atacheza chochote.

"Lakini mama, inachezeka," binti yangu akasema kwa upole.

"Mama yangu mimi ni wa kuchezwa?"

Lililonikera si ngoma. Nimekulia ngomani. Mpiga chapuo wetu wa zamani alikuwa mlevi wa mnazi, na kuku wa jirani hawakuwa salama akiwa karibu, lakini mwimbaji akilikaribia jina, alikilaza kiganja juu ya ngozi na ngoma ikanyamaza. Jina likapita. Wanawake wakapiga vigelegele, ndipo akaendelea. Huyu wangu alikuwa amelipindua jambo lote: jina liiname, godoro lipite.

Binti yangu akatoka kwenda kuchemsha chai. Tukabaki wawili, jambo ambalo lenyewe ni aibu, na mkwe ameshashika kipanya aupeleke wimbo kwa mtu wa spika, kwa kuwa hina ilikuwa kesho yake. Sikuwa na wa kumpitishia neno. Nikalisema.

"Wewe baba. Nani anampisha nani hapa?"

Akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Akanitazama usoni, nami nikamtazama. Miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kujua kwamba ana makengeza.

"Sauti inaipisha ngoma, mama."

"Basi ngoma iipishe sauti. Inawezekana, au kompyuta yako imezaliwa na jeuri?"

"Inawezekana," akasema polepole. "Ni kubadilisha tu, ngoma ndiyo iisikilize sauti."

"Badilisha. Na hilo geti ling'oe."

Akaling'oa. Binti yangu akarudi na birika, akatukuta tunatazamana, akasimama pale mlangoni.

"Mmeongea?"

Mkwe akarudisha macho kwenye kompyuta, mimi nikaipokea birika.

Siku ya hina godoro bado lilikuwepo, maana hilo halikumtoka, na wasichana wakalitikisia mabega bila haya. Wengine walimsifu mkwe kwamba kamtoa nyanya kisasa. Kisasa! Lakini kila sauti yangu ilipolifikia jina, ngoma ilinywea, jina likatoka zima. Wale waliojulikana walipigiwa vigelegele. Lilipotoka la mama yangu, hakuna aliyepiga. Hakuna aliyemjua, wakatazamana tu, wakingoja waendelee kutikisika.

Mjukuu wangu, mikono imejaa hina mbichi asiweze kugusa kitu, akanigeukia.

"Huyo alikuwa nani, nyanya?"

Nikamwambia asogee, sikio lake liwe hapa mdomoni pangu, maana lile godoro lilikuwa limeshaanza tena upuuzi wake.