Tumeshatoa Shukrani, Lakini Uvimbe Bado Upo

Admin, nifichie jina tafadhali, maana wifi yangu anaufuatilia ukurasa huu kuliko anavyofuatilia mboga jikoni. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nimeolewa Kishanda, Muleba, nina watoto watatu. Nashona nguo, na tuna migomba na kahawa kidogo. Mume wangu ananunua dagaa kisiwani Bumbire, anarudi nyumbani mwisho wa wiki. Ni mtu mzuri. Nasema hivyo mapema ili msije mkamtukana kwenye komenti kabla hamjamaliza kusoma.

Ilianza na simu. Nikiiweka sikio la kushoto sisikii. Nikaipeleka kwa fundi, nikairudisha tena, mpaka akachoka na mimi akasema nijaribu sikio lingine. Nikajaribu. Simu nzima, mbovu ni mimi. Kisha sikio hilohilo likaanza kuvuma kama mashine ya kusaga iliyo mbali, haizimwi, haina Jumapili. Nikitembea shambani nayumba, jirani akasema siku hizi naonja lubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu asubuhi. Watu wakinisalimia kutoka kushoto siwajibu, ikawa nina kiburi. Huku kwetu kumpita mkubwa bila salamu ni jambo la kuitiwa kikao, na mimi nilimpita mama mkwe wangu njiani huku ananiita.

Hospitali ya Bukoba walinisafisha sikio, wakanipa dawa ya matone, mwishowe wakanituma Mwanza kwa kipimo kikubwa cha kichwa. Daktari akanieleza taratibu kwamba kuna uvimbe ndani ya fuvu, kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Si kansa, akasema, hausambai, ila unakua polepole. Usikivu uliopotea hautarudi. Wangu umefikia ukubwa wa kutolewa, kwa sababu ukiachwa utakandamiza ubongo. Hakunificha kwamba upasuaji una hatari zake, hata uso unaweza kupooza upande mmoja, kisha akanipangia tarehe.

Nilimpigia mume wangu nikiwa bado kwenye benchi, nalia, na neno la kwanza lililonitoka ni “si kansa”. Mengine hakuyasubiri. Kabla sijafika Muleba, habari ilikuwa imeshafika kwenye jumuiya yetu, majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Mama mkwe akapika ndizi, jogoo akachinjwa, tukapeleka sadaka ya shukrani kanisani. Nikasimamishwa mbele, watu wakanipigia makofi kanisa zima, mimi nikayasikia ya kulia tu. Nilitabasamu, ningefanya nini?

Tangu siku hiyo mimi ni mzima kwa lazima. Nikisema kichwa kinauma, naambiwa nimshukuru Mungu. Nikimkumbusha mama mkwe kwamba tarehe ya upasuaji inakaribia, ananishika mkono kwa upole kabisa.

“Waitu mwanangu, wamesema si kansa. Sasa wakate nini?”

Wifi yeye anasema natafuta safari za mjini. Jamani, hasira ninayo, sifichi.

Jumapili iliyopita nilimbana mume wangu. Kwanza alisema watu watatuonaje, tumemshukuru Mungu mbele ya parokia nzima, halafu turudi kuombewa ugonjwa uleule. Nikamwambia Mungu hawezi kununa kwa hilo.  Kisha akaondoka kushoto kwangu, akaja kukaa kulia, nikajua sasa anataka nimsikie kweli.

“Ukifa kwenye kitanda kile, nitawaambia nini ndugu zako? Kwamba nilikupeleka ukatwe ugonjwa usioua?”

 Kumbe muda wote huo alikuwa anaogopa. Na mimi naogopa, ila yeye anaweza kwenda Bumbire akasahau kidogo, mimi woga wangu unavuma sikioni.

Situlii. Nakata kitambaa vibaya, naacha cherehani, natoka nje, narudi. Naenda Bukoba, Hamugembe, kwa dada yangu bila sababu na kuondoka kabla chai haijapoa. Dada anasema twende tu Mwanza, atanisindikiza, mume wangu ajulishwe tukiwa huko. Sitaki kumtoroka baba wa watoto wangu kama mwizi. Lakini kila asubuhi nikiosha uso najitazama kwenye kioo, najiuliza uvimbe umefika wapi.

Sasa Jumamosi hii jumuiya inasali kwetu. Katika jumuiya yetu mwenye nyumba ndiye anayeanza kutoa nia, ombi lake au shukrani yake, na nia ikishatamkwa pale, wote wanaibeba. Watakuja kukuuliza umefikia wapi, watakuchangia, watakusindikiza mpaka stendi. Hakuna mume wala mama mkwe wa kuirudisha. Nikisema naomba mniombee, uvimbe bado ninao na nakwenda kupasuliwa, nitakuwa nimewaumbua mume wangu na mama yake ndani ya nyumba yao, mbele ya watu walewale waliokula ndizi za shukrani. Nikisema nashukuru kwa uzima, kama wanavyosubiri, tarehe itapita na hakuna atakayejua kwamba niliitaka.

Jana mume wangu alipiga simu, akasema atawahi kurudi ili asali nasi. Akaniuliza nitatoa nia gani. Nikaihamishia simu sikio la kushoto, nikaishikilia hapo mpaka alipokata.

Ndugu zangu mnaosoma, zamu yangu ikifika Jumamosi, niseme au ninyamaze?