Pilau ya Mama Mkwe Siku ya Idi

Haya, nichekeni. Mimi wa kijijini Lusu, niliyesilimu na kuolewa Tabora mjini mwaka jana, Ramadhani hii nimefunga kwa mara ya kwanza, tena nikiwa mpishi wa futari ya nyumba nzima. Mawifi zangu waliapa kwamba nitadokoa. Sikudokoa! Kila jioni naweka mchuzi kwenye ncha ya ulimi, napima chumvi, natema pembeni, nasema, "Imekolea." Sikumeza hata tone.

Siku ya Idi nikaketi sebuleni na kanga mpya, kifua mbele. Mama mkwe, aliyepika pilau mwenyewe ili kunipongeza, akaniletea tonge la kwanza mbele ya wageni wote.

"Onja, mwanangu."

Nikalitia mdomoni, nikapima kwa ulimi, nikageuka pembeni, nikatema.

"Chumvi imekolea, mama!" nikatangaza.

Pembeni yangu alikuwa amekaa baba mkwe, na tonge lilikuwa limetua kwenye kanzu yake nyeupe.

Mama mkwe akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, umefuzu mpaka umepitiliza. Leo ni Idi. Meza!"