Chumvi Waliyonyimwa

Shangazi yangu alipika miaka ishirini na sita na hakuna binadamu aliyewahi kuonja. Walaji wake walikuwa bakteria wa baharini, ndani ya maabara, na kazini walimwita Mama Chumvi. Kila mwezi alipima chumvi, akachemsha chakula kipya, kisha akawahamishia bakteria humo, kwenye mirija ya kioo. Mirija mipya ikishaingia ukungu wa bakteria waliozaana, ndipo ile ya zamani ilipochemshwa na kutupwa.

Mirija arobaini ilikuwa ya Profesa. Ghuba alikowachota bakteria hao imefukiwa, siku hizi pana maghala. Alipokwenda kutibiwa mbali alimwambia, "Mama, hawa nakuachia wewe. Wakifa, hatuna pa kuwapata tena."

Mwezi wa tano kloridi ya sodiamu, ile chumvi yao, ikaisha. Mkuu mpya, bwana mdogo mwenye tai na maneno mengi, akamsukumia kopo la kloridi ya potasiamu.

"Bosi, hawa bila sodiamu hawali," shangazi alisema. "Ndiyo inayowaingizia chakula mwilini."

"Mama, chumvi ni chumvi. Au umekuwa mkemia?"

Wenzake wakacheka. Natamani ningekuwepo, maana nina mdomo. Shangazi alifyata wake, akapima.

Asubuhi ya pili mirija ilikuwa na ukungu mwepesi. Roho ikamtulia, akachemsha ya zamani yote. Kumbe hakuna aliyezaliwa humo. Ukungu ule ulikuwa wao wenyewe aliowamimina, wanakufa. Wiki ilipoisha maji yalikuwa maangavu, hayana ukungu wowote. Alipopata sodiamu akajaribu kuwafufua mara tatu, akaambulia patupu. Nyumbani hakula. Nilimkasirikia mkuu, na yeye pia nilimkasirikia, kwa kunyamaza haraka vile.

Jumapili Profesa akapiga simu. Tulikuwa jikoni, sauti yake ikisikika nyembamba.

"Mama, wanangu hawajambo?"

"Hawajambo, Profesa. Wanakula vizuri."

Nilimkata jicho, akageukia ukutani.

"Alhamdulillahi! Basi nakuambia wewe kwanza. Madaktari wanataka nibaki miezi mitatu, wanasema nikiacha dawa sasa sifiki mbali. Lakini nimechoka kulala kitandani wakati kazi yangu iko hai huko. Nimekata tiketi, Alhamisi nipo."

"Shangazi, mwambie," nikanong'ona.

Alifungua mdomo. Nilimwona kabisa akiufungua.

"Karibu, Profesa," akasema.