Mtani Aliyemfungua Baba Mdomo

Wivu ninao, wala sitaki kuupa jina lingine. Nimekaa meza ya maktaba ya chuo hapa Dodoma tangu sijaolewa, na mwanafunzi aliyetaka kitabu cha vita alikuwa wangu. Akija na swali lake, kwa nini vijana walijitolea kuingia jeshini, namwambia akae, namletea vitatu: kimoja cha wale waliokwenda kumpigania Mwingereza nchi wasizozijua, kimoja cha vita vya Kagera, na kimoja cha picha apumzishe macho. Anasoma, anashukuru, yamekwisha.

Ndipo akaletwa mwenzangu kutoka Tabora, Mnyamwezi, mcheshi kupita kiasi. Muhula haujaisha, foleni yote imehamia kwake. Na vitabu vyenyewe wala havijui! Anawauliza tu, "Unataka vita au unataka mtu?" Wanacheka, wanasema mtu, halafu anakuja kuniuliza mimi kitabu kiko rafu gani. Namwonyesha. Ningefanyaje? Lakini moyoni nachemka.

Haya, hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni la baba.

Baba alikuwa mgambo kijijini, na vita vya Kagera vilipoanza alijitolea kwenda. Basi, nilijua hilo tu. Kwa nini alikwenda hakuwahi kuniambia, na kwetu mtoto hamhoji baba yake mambo ya vita. Unasubiri aanze mwenyewe. Nimesubiri mpaka nimeota mvi. Sasa kifua kinamsumbua, mama alishatangulia, nami nikaona baba akiondoka nalo nitabaki na habari za baba za watu wengine. Nikawa nampelekea vitabu kwake Msalato, nikidhani akisoma atachokozeka. Anasema, "Ahsante, mama," anaviweka juu ya kabati.

Jumapili moja mwenzangu akaniganda twende wote. Kufika tu akapiga goti, "Shikamoo, mzee," kisha akainuka na kuanza.

"Mtani, nasikia ninyi Wagogo mlikimbilia vitani maana jeshini kuna ugali wa uhakika!"

Nikatamani ardhi ipasuke nitumbukie. Baba akacheka mpaka akakohoa. "Nyamaza we! Ninyi mmezoea kuwabebea watu mizigo. Sisi tulibeba bunduki."

"Ulibeba kwa kupenda au kwa njaa?"

"Kwa wivu," baba akasema.

Akamsimulia yeye, mimi nimesimama na bakuli la mlenda mkononi. Mgambo wa kijiji walipangwa uwanjani, wakaambiwa anayetaka kwenda apige hatua mbele. Baba hakutaka. Kijana mmoja jirani yao akatoka, na msichana mmoja kati ya waliokuja kutazama akampigia kigelegele. Msichana huyo ndiye mama yangu.

"Nikaona hapana, haiwezekani," baba akasema. "Nami nikatoka."

"Na wewe akakupigia?"

"Thubutu!"

Wakacheka wote wawili, wakagonganisha viganja. Najua, mtani ana ruhusa ya kumwambia mtani wake lolote, hata msibani, ndiyo mila yetu. Lakini jamani, ni baba yangu! Na huyo msichana ni mama yangu! Miaka yote nimekaa kwa adabu, na mgeni wa juzi kapewa kabla hata ya kunawa mikono. Baada ya kula nikaosha vyombo kwa kelele, makusudi.

Mwenzangu alipotoka nje kupokea simu, baba akaja mlango wa jikoni.

"Umenuna."

"Sijanuna."

"Umenuna. Ndivyo nilivyokuwa mimi pale uwanjani."

Nikaweka sufuria chini. Adabu ikanitoka. "Baba, kwa nini yeye na si mimi?"

Akavuta kigoda, akakaa. "Yule ni mtani. Mtani unampa yanayochekesha. Yaliyobaki hayachekeshi, na hakuna wa kumpa ila wewe."

Akanipa. Yule kijana hakurudi. Baba aliporudi, mama alimwuliza habari za mwenzake kabla ya kumpa pole ya safari, akalia mbele yake bila kujificha. Baadaye walioana, wakanizaa, wakaishi vizuri, hawakuwa watu wa kugombana. Lakini redioni zikipigwa nyimbo za vita, mama alikuwa anatoka nje, na baba anabaki ndani akimsikiliza anavyopiga kimya.

"Aliye hai ningeshindana naye," baba akasema. "Nimemwonea wivu marehemu maisha yangu yote, mwanangu. Marehemu hazeeki, wala hakosei."

Nikamshika mkono, mkono wangu umejaa povu. Hakuutoa.

Njiani kurudi mwenzangu akaniuliza mzee alikuwa ananiambia nini jikoni, maana amenikuta macho mekundu. "Hakuna," nikamjibu. "Moshi tu." Na baba anapikia gesi.

Jumatatu akaja mwanafunzi anataka kujua kwa nini vijana walijitolea. Mwenzangu akamwelekeza kwangu kwa kidole, anatabasamu. "Nenda kwa dada yule. Leo yeye ndiye mwenye mtu."

Nikamletea vitabu vitatu kama kawaida. Akavipokea, bado ananitazama. "Na mtu je, dada?"

"Vitabu chukua vyote," nikamwambia. "Mtu ni wangu."