Rangi Mbichi Siku ya Wakwe

Mtaani walimwita Fundi Msasa, kwa kazi yake na kwa sauti yake iliyokwaruza masikio. Majokofu ya watu aliyafufua yakameta kama mapya. La nyumbani kwake lilikuwa limeliwa na kutu chini ya mlango, na kila mkewe alipolalamika, alijibu kesho.

Wakwe walipotuma habari kwamba wanakuja kupanga harusi ya binti yake, mkewe alimjia juu. "Baba, mlango ule leo hii hii. Paka rangi juu juu, nani atainama kuchungulia?"

"Nikipaka juu ya kutu itatoka malengelenge. Bora nisiguse kabisa."

Akashika brashi ya waya. Kutu ilipobanduka, pakabaki tundu la kupitisha ngumi. Mkewe akashika kiuno. Fundi akakata kipande cha bati, akakibandika, akajaza puti ya kuzibia, ikakauka akaipiga msasa, kisha akapulizia mlango mzima ili rangi isitofautiane. Alikuwa bado anajisugua mikono kwa mafuta ya taa wageni walipobisha hodi, mapema kuliko walivyoahidi.

Mama wa bwana harusi hakuwa mtu wa kukaa sebuleni akangoja. Alijitosa jikoni kusalimia, akaegemea jokofu. Alipojibandua, mkono wa gauni lake jeusi ulikuwa mweupe hadi kiwikoni.

Binti akaficha uso. Mke wa fundi akaanza kuomba radhi.

Mgeni akaunusa mkono wa gauni. "Kulikuwa na kutu?"

"Kutu, mkwe," fundi akajibu. "Imetoka yote."

"Mimi mashine yangu ya kufulia nimeifunika kitambaa. Mume wangu kanikataza kuitaja hapa."

Mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. Binti akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Mgeni akaazimwa gauni la mwenyeji wake, likambana kifuani, na mambo ya harusi yakapangwa hivyo hivyo, yakaisha salama.

Wiki iliyofuata fundi alikwenda kwa wakwe na zana zake. Akailaza mashine, akagonga chini kwa bisibisi, vipande vikadondoka sakafuni.

"Huku chini kumeoza," akasema. "Nitaunga, lakini maji yasituame hapa tena, mkwe."

Akaunga, akaziba. Alipouliza apulizie rangi gani, mama yule akasema nyeupe imemchosha tangu aolewe, apige buluu. Mumewe hakuulizwa.