Nina Udhu

Daktari wa Kilifi aliniambia ukweli siku ya kwanza, kabla sindano haijanigusa. Naliweka hili mwanzo ili mtu asidhani nilidanganywa. Alisema saratani ya tezi dume hulishwa na homoni za kiume, na sindano hii ya kila miezi mitatu itazizima. "Na hamu ya mke huenda ikaondoka nazo, mzee wangu. Kwa wengi huondoka. Mwambie mama mapema." Nikaitikia. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja, nimestaafu kazi ya udobi hotelini, na niliamini mambo hayo yako kichwani mwa mtu, kwamba mwenye nia hashindwi.

Nyumbani Malindi nilimwambia mke wangu nina tatizo la mkojo na nitakuwa nikichomwa sindano. Sikusema uongo. Niliukata ukweli, nikampa nusu.

Kufikia sindano ya pili hamu ilikuwa imekwisha. Watu hudhani ni kutaka ukashindwa. Mimi sikutaka. Nilimtazama akitoka kuoga, mwanamke niliyemwoa akiwa na miaka kumi na tisa na sikuwahi kumchoka, nikaona ni mzuri kama unavyoona nyumba ya jirani ni nzuri, ukapita. Na joto lilikuwa likinipanda kifuani hadi usoni, jasho likanitoka nimekaa tu. Yeye alikuwa ameshayamaliza hayo yake miaka ya nyuma. Alinipepea kwa kipepeo cha ukindu huku akicheka.

"Bwana, yaliyonitoka mimi yamehamia kwako."

Alikuwa amepatia kabisa.

Kwetu tulifundishwa kwamba mwanamume mwenye udhu akigusana ngozi na mkewe, udhu umetenguka. Basi nikaanza kutawadha kabla ya kulala. Ni sunna, hakuna wa kuniuliza. Akinyoosha mkono nasema, "Nina udhu." Mara ya kwanza aliurudisha mkono akaniomba samahani. Baadaye akawa anaurudisha bila kusema kitu, na mwishowe hakuunyoosha tena.

Nikazidisha. Baina ya magharibi na isha nilibaki msikitini. Jumatatu na Alhamisi nikafunga. Wenzangu walianza kuniita maalimu, mimi niliyeishia darasa la saba na kusoma Kurani kwa kusitasita. Majirani wakampongeza mke wangu uani.

"Mumeo ameshika dini, shoga. Wangu mimi ameshika rimoti."

Alicheka nao. Kisha akaingia ndani, akanitazama kwa muda, akaenda kuchambua mchele.

Mwezi mzima alinipikia pweza wa nazi, na asubuhi nyingine supu yake. Pwani hii kila mtu anajua mzee hulishwa pweza ili apate nguvu za kitandani. Hakunieleza, nami sikuuliza. Nilikula wote. Jioni alivaa kikuba, kile kishada cha asmini, na kufukiza udi chumbani, nami nikachukua kopo la maji nikaenda kutawadha.

Kwa nini sikusema? Sikuogopa kwamba ataniacha. Niliogopa atanihurumia. Niliona afadhali anione mchamungu kuliko ajue kilichonipungukia. Heshima yangu ikakaa salama, na lawama zote zikauangukia mwili wake.

Siku moja kabla ya adhuhuri alikuja akakaa kando yangu barazani, amevaa buibui, ametoka safari.

"Nimekwenda Gede," akasema. "Kuna mwanamke huko, mjane, hana watoto wadogo. Ana adabu zake. Nimezungumza na shangazi yake."

"Umezungumza nini?"

"Habari yako. Kwamba huenda ukaleta posa."

"Nani amekutuma?"

"Sikutumwa. Mwanamume hakai hivi, baba. Kama mimi nimekuchusha, bora nikuchagulie mwenyewe kuliko kuja kuambiwa sokoni."

"Sitaki mke."

"Basi unaye tayari."

"Sina."

"Apa."

Nikaapa. Alinitazama, na nikaona kwamba ameniamini, na kuniamini kumemuumiza kuliko kama ningekuwa na mwanamke wa siri huko Kikambala. Maana mwanamke mwingine angemchukia, yakaisha.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni huu mwili wangu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu na hakuna aliyekuwa akitusikia. Adhana ikaanza, nikainuka, nikasema, "Wanaadhini." Msikiti uko nyumba ya nne kutoka kwetu. Sikuwa na haraka yoyote.

Tangu siku hiyo aliacha udi na asmini. Chetezo alimpa binti yetu, akimwambia moshi unambana kifua. Alilala amejifunga leso mpaka shingoni, uso ukutani. Tuliishi hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa, kwa upole, bila neno baya. Chai yangu haikuchelewa hata siku moja.

Kisha presha ikampanda, akaanguka jikoni. Kiharusi kilichukua ulimi na upande wa kulia. Masikio yalikuwa mazima, maana nikimwita aligeuza macho. Alikaa hospitali siku nne. Ndugu walikuja mmoja mmoja kumwomba radhi, kama ilivyo ada. Zamu yangu ilipofika binti yetu alitoka nje, akatuachia nafasi. Maneno niliyopaswa kumwambia yalikuwa manne tu: si wewe, ni sindano. Nilimshika mkono, nikasema, "Niwie radhi kwa yote." Akafumba macho na kuyafumbua, ndiyo yake hiyo. Alinisamehe jambo asilolijua. Na mimi niliipokea radhi ile, nikashukuru, nikatoka.

Siku ya tatu baada ya maziko yake, hitima ilipokwisha, mdogo wake wa kike alikuja chumbani kukusanya nguo za kutoa sadaka. Alikunja chache, akasimama.

"Shemeji, nikuulize. Dada alikuwa ananitaka nimnuse. Kwapa, kinywa, kila mahali. Kila akija kwangu. Ananiambia, niambie kweli, nina harufu? Wewe ulimwambia nini?"

Nikakaa kitandani. Nikamwambia yote: saratani, sindano, daktari alivyonionya, kutawadha, pweza, Gede. Sikujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, ameshika gauni la dada yake kifuani.

"Na yeye ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Sasa mimi unaniambia ili nikamwambie nani?"

Alirudi kukunja, taratibu, hadi sanduku likabaki tupu. Hakuniachia hata leso moja, nami sikuthubutu kuomba.