Nilikula Mbuzi wa Wakwe Wasio Wangu

Nilikosa. Sitaki mtu anitetee, hata wewe unayesoma hii ukiwa na huruma. Nilikaa siku mbili kwa nyumba ya watu waliodhani mimi ni mke wa kijana wao, na nilijua wazi kwamba si mimi. Nikala mbuzi wao. Nikaombewa kanisani. Woi, mimi!

Majina nimebadilisha, isipokuwa la Musyoka, kwa sababu hilo ndilo lililoniponza, na akina Musyoka huko Ukambani hawahesabiki.

Wakati huo, miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilikuwa naishi Ujerumani nikitandika vitanda hotelini. Mimi ni mtu wa Nakuru. Musyoka wangu nilimpata huko huko kwa baridi, akifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Tukaanza kukaa pamoja, akasema lazima watu wa kwao wanijue kabla ya mambo ya harusi. Kwao ni Kivaa, upande wa Masinga, Machakos.

Likizo yangu ikatoka kwanza. Yake ilikuwa itoke wiki moja baadaye.

"Wewe tangulia," akaniambia. "Mama hawezi kungoja tena. Ukishuka sokoni uliza kwa Mama Musyoka, yule ako na kijana ng'ambo. Kila mtu anajua."

Simu za mkono hazikuwako kama leo. Mama mkwe alikuwa na picha yangu moja tu, nimesimama kwenye theluji na kofia, skafu na koti la kufika magotini. Kilichoonekana ni macho mawili, basi. Yeye naye alikuwa ametuma karatasi aliyochora mguu wake, kisigino mpaka vidole, akiomba viatu vya kanisa. Mguu wenyewe, jamani! Tulizunguka maduka mpaka tukaishia upande wa wanaume. Kisha Musyoka akapeleka kiatu cha kushoto kwa fundi kipanuliwe, kwa sababu mama ana kinundu kando ya kidole gumba.

Nikashuka sokoni Jumamosi, saa nane mchana. Mama mmoja muuza ndengu akaniuliza natafuta nani. Nikamwambia vile nilivyoagizwa. Gorogoro, mkebe wake wa kupimia, ikamtoka mkononi, ndengu zikamwagika.

"Musyoka wa ng'ambo? Kwani wewe ni nani wake?"

"Mke wake," nikasema. Kwa maringo, tena.

Soko lilisimama! Sanduku langu likapakiwa kwa mkokoteni wa punda, tukapanda kilima, akina mama nyuma yangu wakipiga vigelegele. Mimi nikajiambia, kumbe napendwa hivi!

Mama mwenyewe alikuwa anapepeta mbaazi nje. Alipoambiwa mimi ni nani, aliweka ungo chini polepole, akapiga magoti kwa mchanga, akanishika miguu.

"Yuko hai? Mwiitu wakwa, msichana wangu, niambie. Yuko hai?"

Nikacheka kidogo. "Yuko hai sana, Mama. Amewasalimia nyote."

Nilidhani ni uchungu wa mama tu. Sikujua nimesema nini.

Nikafungua sanduku nikampa viatu. Vikamkalia kama mitumbwi! Miguu yake ilikuwa midogo kama ya msichana wa shule. Nikashangaa, lakini nikajiambia pengine alipochora kalamu iliteleza. Mama hakujali. Alijaza magazeti ndani, akazunguka boma lote navyo, kwaa, kwaa, kwaa, akiimba.

Binti yake, Mwikali, mwalimu wa nasari, akaniingiza nyumbani. Ukutani kulikuwa na picha kwenye fremu.

"Ona bwana yako kabla aende," akasema akicheka. "Si alikuwa mwembamba!"

Nikatazama. Kijana mrefu, shingo ndefu, masikio yamesimama. Musyoka wangu ni mfupi, mnene, na shingo hana kabisa.

"Huyu ni... Musyoka?"

"Ni yeye. Aki hata wewe humtambui! Ni Amerika imembadilisha hivyo? Miaka sita hatujapata barua. Mama alikuwa ashaanza kutazama nguo nyeusi."

Amerika! Miaka sita! Nikafungua mdomo niseme, dada, samahani, nimepotea. Nilikuwa nimeufungua kabisa. Hapo nikasikia mbuzi analia nje. Kisha nikasikia amenyamaza.

Nikafunga mdomo.

Hilo ndilo kosa langu. Mengine yote yalitoka hapo. Niliona aibu ya mbuzi, wakati mama wa watu alikuwa anafufua mtoto.

Nikajipangia kwamba nitaondoka asubuhi na mapema nikisingizia jino, kisha niwaandikie barua nikiwa mbali. Lakini mama aliniketisha jikoni karibu naye, akaanza maswali.

"Amekonda?"

"Hapana, Mama. Amenenepa."

"Anaenda kanisani?"

"Kila Jumapili. Hata anaimba kwaya."

Mwikali akainua kichwa. "Musyoka? Musyoka anaimba?"

"Alijifunza huko," nikasema.

Kila nilichosema kilizaa kingine. Kufika wakati wa kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, huyo Musyoka wa Amerika alikuwa ameacha sigara, amenunua gari la kijani, na anamuota mama yake kila wiki. Nilikuwa namjua kuliko ninavyomjua wangu!

Asubuhi sikupata hata nafasi ya kutaja jino. Ilikuwa Jumapili, na niliamshwa nikiwa nimeshatafutiwa leso ya kwenda kanisani. Mama akatembea mbele na vile viatu, kwaa, kwaa. Mchungaji akanisimamisha, kanisa zima likapiga makofi, na mama akatoa shukrani mbele ya watu huku machozi yakimtiririka. Mimi nikapunga mkono. Nakwambia, nilipunga mkono!

Baada ya ibada, akina mama wakaja bomani kupika. Mimi nikapewa kazi ya kusukuma chapati ili waone kama najua. Kando yangu akaketi mama mmoja mkubwa, mcheshi, amevaa raba zilizokatwa nyuma ili kisigino kipate pa kutokea.

"Unasukuma vizuri," akaniambia. "Wengine wetu hatuna bahati. Wangu alikuwa afike jana kutoka Ujerumani. Nilichinja kuku watatu. Mpaka sasa sijaona mtu."

Mti wa kusukumia ukanitoka mkononi.

"Labda... labda amechelewa, Mama."

"Achelewe wapi! Ni maringo. Nina picha yake, amejifunga uso kama mwizi. Nikamwambia mwanangu, mtu anaficha nini?" Akanipigapiga begani na mkono wa unga. "Laiti ningepata kama wewe."

Nilikuwa nimeketi na mama mkwe wangu. Alikuwa ananisengenya kwangu mimi mwenyewe, na wakati huo huo ananisifu! Nilitaka ardhi ipasuke inimeze na chapati zangu.

Hapo mwenye boma akapita na sufuria ya nyama. Kwaa, kwaa. Mama mkwe akatazama chini. Akatazama sana.

"Mama Musyoka, hivyo viatu vimetoka wapi?"

"Mwanangu ameniletea. Ni vikubwa kidogo, lakini ni vyangu."

"Hebu nione kimoja."

Alichukua cha kushoto, akatoa gazeti, akaingiza mguu. Ukaingia taratibu mpaka mwisho, bila kusukumwa. Akabonyeza kwa kidole pale fundi alipopanua.

"Hata kinundu changu kimewekewa nafasi," akasema.

Akanigeukia.

"Msichana, huyo Musyoka wako anafanya kazi gani?"

Ningeweza kudanganya tena. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, nawaambia ukweli. Lakini nikamwona Mwikali mlangoni, ameniangalia, na nikajua yeye ameshaelewa.

"Anachoma mikate," nikasema. "Ujerumani. Mama, ni mimi. Mimi ndiye niliyejifunga uso."

Mayowe yaliyotokea hapo siwezi kuyaandika. Kila mtu alisema lake. Wengine walicheka mpaka wakaketi chini, muuza ndengu akaapa kwamba yeye hakukosea. Mwenye boma alisimama na kiatu kimoja mguuni na sufuria mikononi.

"Kwa hivyo hujamwona," akasema.

"Sijamwona, Mama."

"Hujui kama amenenepa."

"Sijui, Mama. Nisamehe."

Akatingisha kichwa kama mtu anayekubali bei. Akavua kile kiatu kilichobaki, akampa mwenzake, kisha akaenda miguu mitupu kugawia watu nyama, kwa sababu wageni walikuwa hawajala.

Mama mkwe alinishika mkono mpaka kwake, nyumba iliyo chini ya kilima hicho hicho, mwendo wa dakika kumi! Siku tatu hakusema nami. Alikuwa akiniwekea chakula na kuondoka, amevaa viatu vyake vipya hata akienda kukamua ng'ombe.

Musyoka wangu alipofika alicheka mpaka akakohoa. Kisha mama yake akamweleza habari ya kwaya, ya gari la kijani na ya ndoto za kila wiki. Akaacha kucheka.

"Ulimwambia mama ya watu hivyo, ukimwangalia usoni?" akaniuliza.

"Niliogopa."

"Siku utaniogopa mimi, utaniambia nini?"

Harusi iliyokuwa ifanyike mwaka huo ilisogea miaka miwili, kwa sababu kila nikisema kitu, hata kwamba nimechelewa kazini, aliniangalia kwa muda kabla ya kuitikia.

Tulimpelekea yule mama mbuzi wawili. Alipokea mmoja, akamrudisha wa pili, akasema alikuwa amechinja mmoja tu. Lakini iliyonimaliza ni Jumapili iliyofuata. Alisimama kanisani mahali pale pale alipokuwa ametoa shukrani, akawaambia watu kwa sauti ya kawaida kwamba ilikuwa makosa, kijana wake bado hajulikani aliko, na waendelee kumwombea. Hakunitaja. Nilikuwa nimeketi benchi la tatu, na sikuweza kuinua macho.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka sokoni. Akanipa bahasha iliyochakaa yenye anwani ya mwisho ya mwanawe. "Wewe unajua kuandika barua za huko," akasema. "Mtafute." Nimeandika. Barua ya kwanza ilirudi. Nimeandikia makanisa, nimeandikia vyama vya Wakenya, nimeuliza wageni hotelini kila nikisikia wanatoka Amerika. Sasa tuna barua pepe na simu za mkono, na bado sijampata. Kila likizo naanzia kwake kabla ya kwenda kwa mama mkwe. Mwikali alichukua muda mrefu kunisalimia. Mama mwenyewe hakuwahi kunifungia mlango, na hilo linaniuma kuliko kufukuzwa.

Kwa hivyo wewe unayepelekwa kwa watu mara ya kwanza, nisikie. Ukigundua umeingia mlango usio wako, sema papo hapo. Wacha wakucheke. Wacha mbuzi awe amekufa bure. Na usimpe mzazi habari za mtoto wake ambazo huna, hata moja, hata kwa kumfurahisha, kwa sababu wewe utapanda ndege uende na yeye atabaki nazo.

Na ndugu yangu Musyoka, kama gazeti hili limekufikia mahali ulipo: kwenu ni Kivaa, juu ya kilima, na mama yako ni mzima. Sijui una shida gani, sikuulizi. Mwandikie. Hata mistari miwili. Mwandikie wewe mwenyewe.